Mshipa Upi Hasa? Neva na Damu Zinavyopita Mkononi

Neno "mshipa" tumelitwika mzigo mkubwa. Damu inapita kwenye mshipa. Fahamu nazo zinapita kwenye mshipa. Ukinyanyua kitu kizito kiwiko kikauma, utaambiwa mshipa umevutika. Na ile kamba ngumu inayojitokeza kwenye kifundo cha mkono ukikunja ngumi, hiyo nayo watu huiita mshipa. Katika mazungumzo ya kila siku tunaelewana. Taabu huanza pale mtu anapoamka usiku wa manane vidole vimekufa ganzi, akajiambia "damu haifiki mkononi," na kuanzia hapo akatafuta dawa ya kusukuma damu, wakati damu yake inafika bila shida na kinacholia ni kitu kingine kabisa.

Basi tuanze kwa kuzitenganisha kamba hizi. Ile inayojitokeza kifundoni ni kano. Ni nyeupe, ni ngumu, inaunganisha msuli na mfupa, na haipitishi chochote. Kazi yake ni kuvuta. Mshipa wa damu ni bomba lenye uwazi ndani: ukitoka moyoni huitwa ateri, ukirudi moyoni huitwa vena. Mshipa wa fahamu, yaani neva, hauna uwazi. Ukiukata na kuutazama kwa hadubini utaona mafungu ya nyuzi nyembamba mno, kila fungu na utando wake, mfano wa kebo iliyojaa waya. Humo hupita mikondo hafifu ya umeme, amri zikishuka kutoka kwenye ubongo na habari zikipanda kutoka kwenye ngozi, viungo na misuli.

Nyuzi hizo hazilingani kasi. Zile nene zilizovikwa ala ya mafuta husafirisha amri ya kukunja kidole kwa mita 50 hadi 60 kwa sekunde. Zile nyembamba zisizo na ala, zinazobeba maumivu ya kuunguza, huenda kama mita 1 tu kwa sekunde. Kumbuka mara ya mwisho ulipogusa chombo cha moto. Kwanza ulihisi mchomo mkali na mkono ukaruka wenyewe. Ukapita muda mfupi, mfupi kiasi cha kuweza kusema "nimeungua," ndipo yakafika yale maumivu mazito yanayokaa. Ni habari ile ile ya jeraha moja, iliyoletwa na wajumbe wawili, mmoja mkimbiaji na mwingine mtembea kwa miguu.

Zinakoanzia

Neva zote kubwa za mkono zinaanzia shingoni. Mizizi mitano huchomoza kwenye uti wa mgongo: minne ya chini ya shingo, yaani wa tano hadi wa nane, na wa kwanza wa kifua. Hujipenyeza katikati ya misuli ya shingo, hupita nyuma ya mtulinga na juu ya ubavu wa kwanza, kisha huingia kwapani. Njiani huchanganyika kwa namna inayowatoa jasho wanafunzi wote wa udaktari. Mizizi 5 huungana kuwa mashina 3. Kila shina hugawanyika mara mbili. Vipande hivyo 6 huungana upya kuwa kamba 3 zinazoikumbatia ateri kubwa ya kwapa. Na kutoka kwenye kamba hizo huzaliwa neva 5.

Mchanganyiko huu una maana yake. Kwa sababu hiyo kila neva ya mkono hubeba nyuzi kutoka mizizi kadhaa, na kila mzizi hufikisha nyuzi zake kwenye neva kadhaa. Matokeo yake ni kwamba ganzi ya kidole gumba inaweza kuwa imetoka kifundoni, na inaweza pia kuwa imetoka shingoni, pale ambapo pingili au kisahani kilicho kati ya pingili kinaubana mzizi wa sita. Tofauti hujificha katika mipaka. Mzizi wa sita ukibanwa, ganzi hupanda kwenye kigasha, sehemu ile iliyo kati ya kiwiko na kifundo, upande wa gumba, na mara nyingi shingo nayo inauma. Neva ikibanwa kifundoni, ngozi ya kigasha hubaki na hisia zake zote. Daktari mzuri huuliza kwa subira ganzi inaishia wapi, maana mpaka wa ganzi ndio unaomtaja mhusika.

Fundo hili la neva huumia linapovutwa. Mtoto anapozaliwa na bega likakwama huku kichwa kikivutwa, mizizi ya juu hunyooshwa kupita kiasi. Mkono wake hulala ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka. Wengi wao hupona wenyewe, lakini wanahitaji kufuatiliwa tangu wiki za mwanzo. Mwendesha pikipiki anayeanguka na bega huku kichwa kikielekea upande wa pili hupata jeraha la aina hiyo hiyo, na kwake mara nyingi ni zito zaidi, kwa kuwa mizizi inaweza kung'oka kabisa kwenye uti.

Neva tano, njia tano

Mbili nazipitia haraka. Neva ya aksila huzunguka shingo ya mfupa wa juu wa mkono na kuendesha msuli unaolipa bega umbo la mviringo. Bega likiteguka, ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka, na kabla ya kulirudisha mahali pake daktari hugusa ngozi ya nje ya bega kuona kama bado inahisi. Neva ya muskulokutaneusi huendesha misuli inayokunja kiwiko, kisha huishia kuwa neva ya ngozi ya upande wa nje wa kigasha. Haina visa vingi. Tatu zilizobaki ndizo zinazofika kwenye kiganja na vidole.

Neva ya radiali hupita nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, imeulalia mfupa wenyewe. Ndiyo inayonyoosha: kiwiko, kifundo, vidole. Mfupa ukivunjika katikati, neva hii huwa hatarini. Hata bila mfupa kuvunjika, mtu aliyelala fofofo mkono ukining'inia juu ya egemeo la kiti huweza kuamka kifundo kimeanguka, hawezi kukiinua. Atakuambia pia kwamba hana nguvu ya kushika kitu, ingawa misuli ya kukunja vidole haijaguswa. Ukitaka kujua kwa nini, kunja kifundo chako chote kwa ndani kisha ujaribu kukaza ngumi. Vidole vinagoma. Mkamato wenye nguvu unahitaji kifundo kilichoinuka, na anayekiinua ni radiali.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito wake. Kifundo kilichoanguka baada ya usingizi mzito mara nyingi ni neva iliyobanwa, nayo hurudi baada ya wiki au miezi. Lakini mkono ulioishiwa nguvu ghafla pamoja na uso kupinda, maneno kukorogeka au mguu wa upande ule ule kulegea, huo ni ubongo, ni kiharusi, na kila dakika ina thamani. Vivyo hivyo maumivu yanayoshuka mkono wa kushoto pamoja na kifua kubana: mkono hauna kosa. Nyuzi za maumivu za moyo huingia kwenye uti wa mgongo sehemu zile zile zinazopokea habari za upande wa ndani wa mkono, na ubongo hukosea anwani. Katika hali zote mbili, hospitali mara moja.

Neva ya alna unaifahamu hata kama hujawahi kusikia jina lake. Hupita nyuma ya kinundu cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko, chini ya ngozi tu, haina nyama ya kuikinga. Ukijigonga pale, umeme hutimka hadi kidole cha mwisho. Hujaumia mfupa, umeipiga neva. Anayekaa saa nyingi amekunja kiwiko, kwa mfano akiwa ameshika simu sikioni au amelala na mkono umekunjwa chini ya kichwa, huivuta na kuibana mahali hapo hapo, na kidole cha mwisho pamoja na nusu ya kidole cha pete huanza kufa ganzi. Alna pia huendesha misuli mingi midogo ya ndani ya kiganja, ile ya kutanua vidole na kuvibananisha. Mwaka 1915 daktari Mfaransa Jules Froment alieleza kipimo ambacho hadi leo hakihitaji mashine: bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mtu mwingine aivute. Kama alna imedhoofika, gumba litajikunja kwenye kiungo cha nchani bila wewe kutaka, kwa sababu msuli wake umeshindwa na mwili umeita msaada wa msuli wa neva nyingine.

Ganzi ya usiku

Neva ya tatu, ya mediani, yaani ile ya katikati, ndiyo inayowaamsha watu usiku. Hushuka katikati ya kigasha na kuingia kiganjani kwa kupitia handaki jembamba kifundoni. Sakafu na kuta za handaki hilo ni mifupa midogo ya kifundo. Dari lake ni utepe mgumu usionyumbuka. Ndani mna kano 9 na neva 1.

Kano tisa ni nyingi kiasi hicho kwa sababu ya ukweli ambao hunishangaza kila ninapoutafakari: vidole vyenyewe havina msuli wa kuvikunja. Misuli inayovikunja kwa nguvu imekaa kwenye kigasha, nayo huvivuta kwa kamba ndefu. Weka mkono wa kushoto juu ya kigasha cha kulia, karibu na kiwiko, kisha uchezeshe vidole vya kulia kama mtu anayepiga kinanda. Utausikia mwendo wa vidole ukifanyika mbali kabisa na vidole. Kila kidole kati ya vile vinne kina kano mbili za kukikunja, na gumba lina yake moja ndefu. Zote hizo zinapita kwenye uwazi ule ule mmoja.

Sasa ndani ya handaki lisilotanuka, chochote kikivimba kidogo, anayeumia ni aliye laini kuliko wote. Ujauzito hujaza mwili maji. Kisukari na tezi ya shingo iliyolegea kazi huchangia. Kazi za kushika kwa nguvu na mashine zinazotetemesha mikono huchangia pia. Usiku tunalala vifundo vimekunjwa, na kukunja kifundo huongeza mgandamizo ndani ya handaki. Neva nayo ni kiungo hai, ina vijishipa vyake vya damu vinavyoilisha. Vikibanwa, nyuzi zake hukosa hewa na chakula, huanza kupotosha habari, na mtu huamka gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete vikichomachoma. Anakung'uta mkono, mgandamizo unapungua, neva inapata damu, ganzi inaondoka. Anasema, "Naona damu imefika." Ana ukweli nusu: damu ilikuwa imekosekana ndani ya neva, haikukosekana kidoleni. Angetazama kucha zake wakati ule wa ganzi angeziona zina rangi yake ya kawaida.

Ushahidi wa kwamba ni handaki na si kitu kingine uko kwenye ngozi. Kidole cha mwisho hubaki salama, kwa kuwa ni cha alna, na alna haipiti ndani ya handaki hilo. Na ngozi ya kiganja iliyo kwenye shina la gumba hubaki salama pia, ingawa ni ya mediani, kwa sababu tawi linaloihudumia hujitenga kabla ya handaki na kupita juu ya dari.

Hali ikiwa changa, kifaa cha kukinyoosha kifundo kinachovaliwa usiku huwasaidia wengi. Ikiachwa miaka, nundu ya msuli kwenye shina la gumba hukonda, mtu anashindwa kufunga kifungo cha shati, na hapo hata upasuaji wa kulikata lile dari unaweza usirudishe kila kilichopotea. Kwa hiyo ganzi inayokuamsha mara kwa mara usiizoee.

Mto mmoja, majina mengi

Damu ya mkono hufuata njia nyepesi kuieleza. Ni ateri moja inayobadilisha jina kila inapovuka mpaka. Chini ya mtulinga inaitwa subklavia. Ikiupita ubavu wa kwanza inakuwa aksila. Ikitoka kwapani inakuwa brakia, ambayo hushuka upande wa ndani wa mkono ikiandamana na neva ya mediani hadi mbele ya kiwiko. Mkanda wa kupimia presha huibana brakia hii. Mwaka 1905 daktari mpasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkoff, alionyesha kwamba ukiweka kipimo cha kusikilizia chini ya mkanda, utasikia kimya ateri ikiwa imefungwa kabisa, kisha mipigo damu inapoanza kupenya, halafu kimya tena inapopita bila kizuizi. Sauti ya kwanza ndiyo namba ya juu. Kimya cha mwisho ndicho namba ya chini.

Mbele ya kiwiko brakia hugawanyika kuwa ateri ya radiali, unayoisikia ikidunda kifundoni upande wa gumba, na ateri ya alna upande wa pili. Zikifika kiganjani hazifi kila moja kivyake. Huungana na kufanya matao mawili, moja la juujuu na moja la ndani, na kutoka kwenye matao hayo ndiko vidole hupata damu. Kaza ngumi, mtu akubanie ateri zote mbili kifundoni, kisha ufungue kiganja: kitakuwa cheupe. Aachie ateri ya alna peke yake. Kwa watu wengi wekundu hurudi kiganja kizima ndani ya sekunde chache, kwa damu ya mlango mmoja. Kipimo hiki kilielezwa na Mmarekani Edgar Allen mwaka 1929. Kwa sababu ya milango hii miwili madaktari wa moyo waliweza kuigeuza radiali kuwa barabara yao. Tangu Lucien Campeau wa Montreal alipotangaza njia hiyo mwaka 1989, mrija mwembamba huingizwa kifundoni na kupandishwa hadi kwenye mishipa ya moyo.

Damu ya kurudi ina vena za aina mbili, za ndani zinazoandamana na ateri, na za juu unazoziona chini ya ngozi. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alizitumia hizi za juu kuthibitisha kwamba damu inazunguka. Jaribio lake unaweza kulifanya sasa hivi. Ninginiza mkono mpaka vena za kigasha zitune, chagua moja iliyonyooka, ibane kwa kidole upande wa kiganja, na kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwiko mpaka uvuke kijinundu kidogo. Achia kidole cha juu. Kipande kile kinabaki kitupu, damu iliyo juu hairudi. Sasa achia kidole cha chini: kinajaa papo hapo. Kile kijinundu ni vali, mlango unaofunguka upande wa moyo tu.

Vena kubwa mbele ya kiwiko ndiyo inayochomwa sindano ya kutoa damu. Chini yake kuna utando mgumu wa msuli, na chini ya utando huo ndipo zilipo ateri ya brakia na neva ya mediani. Ukisikia kama umeme umerukia vidoleni wakati sindano inaingia, usivumilie kimya. Sema, sindano itolewe.

Zinavyotegemeana

Ubavuni mwa kila kidole, pande zote mbili, ateri ndogo na neva husafiri pamoja. Ndiyo maana daktari anayetaka kushona kidole huchoma ganzi kwenye shina, kulia na kushoto. Ujirani huu una zaidi ya kupita njia moja. Nyuzi nyingine ndani ya neva kazi yake ni kuziamuru ateri zibane au zitanuke. Ukikaa kwenye maji muda mrefu ngozi ya vidole hukunjamana. Hiyo ni amri ya neva, mishipa midogo ya damu inabana na ngozi inabonyea. Kidole ambacho neva yake imekatwa hakikunjamani hata ukiloweke vipi, wala hakitoi jasho. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anachohisi, hilo ni jibu tosha. Na kuna watu ambao amri hii imezidi ukali: baridi kidogo tu, vidole vinageuka vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu, kama alivyoeleza Maurice Raynaud wa Ufaransa mwaka 1862.

Upande wa pili, damu ikikatika, neva hulalamika kabla ya wengine. Mtoto aliyevunjika karibu na kiwiko na kufungwa plasta anaweza kuvimba ndani ya plasta ile mpaka damu ishindwe kupita kwenye misuli ya kigasha. Dalili ya kutisha ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa mtu akimnyooshea vidole, pamoja na ganzi. Usisubiri mapigo ya kifundoni yapotee. Yanaweza kuwapo huku misuli inakufa. Mrudishe saa hiyo hiyo plasta ipasuliwe. Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 kinachofuata pasipo kufanya hivyo: misuli inageuka kovu, na vidole vinakunjamana kama kucha za ndege, maisha yote.

Neva iliyokatwa inaweza kushonwa, lakini kushona hakuziungi nyuzi. Zile zilizo ng'ambo ya mkato hufa, na nyuzi mpya huota kutoka upande wa juu, zikifuata maganda ya zile zilizokufa, kwa mwendo wa karibu milimita 1 kwa siku. Mwaka 1915, vita vikiendelea, Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani, kila mmoja upande wake wa mapambano, walieleza namna ya kuufuatilia mwendo huo kwa askari waliojeruhiwa. Daktari hugongagonga kwa ncha ya kidole kando ya njia ya neva, akianzia chini akipanda. Mahali mgonjwa anaposema "hapo, umeme," ndipo ncha za nyuzi changa zilipofikia. Daktari hutia alama kwa kalamu na kupima umbali kutoka kwenye mshono. Mwezi unaofuata hugonga tena, na alama mpya hukaa kama sentimita 3 mbele ya ile ya zamani.